Jumamosi 14 napanda daladala mpaka mwisho wa gari: hii Dar mitaa yake haifanani ata kidogo

Wa_Mbezi_Mwisho (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili.

Mimi nina miaka kumi na kitu Dar, nilikuja 2013 kutoka Mpanda nikafikia kwa shemeji Mbezi (ya Morogoro Road, sio Mbezi Beach, hili nitalirudia) na mpaka leo nakaa Mbezi hiyohiyo nafanya kazi Posta. Miaka yote hiyo njia yangu ni moja, Mbezi Posta, Posta Mbezi, wikiendi nikijitahidi sana nafika Mlimani City nazunguka na kitoroli kitupu narudi zangu home.

Sasa mwaka huu alikuja mjomba kutoka nyumbani akasema mjomba nipeleke Temeke kuna mtu nimuone. Nikajikuta sijui gari za Temeke zinapandiwa wapi. Nikaanza kubabaika, mara tuchukue bajaji, mara ngoja nimpigie mtu. Mzee akanitazama akacheka akasema "kumbe we sio mtu wa Dar, we ni mtu wa Mbezi". Aisee iliniuma mpaka usiku.

Ndo nikajiwekea utaratibu. Kila jumamosi nikitoka kazini saa saba napanda gari ambayo sijawahi kuipanda, sishuki njiani, naenda mpaka konda aseme mwisho wa gari, alafu natembea kwa mguu mpaka giza liingie. Sharti moja tu, simu inakaa mfukoni, ramani marufuku, njia nauliza kwa mdomo.

Na hilo sharti ndo limenifundisha kuliko yote mana nimegundua kitu, mtaa wowote wa Dar utaujua tabia yake kwa namna watu wake wanavyokujibu ukiuliza njia. Nyumba zinadanganya, barabara zinadanganya, ila uliza tu "samahani, natokaje hapa" utajua uko wapi.

Nianze na Masaki. Nimeshuka nimetembea kama nusu saa sijaona mtu wa kumuuliza. Ukuta, geti, waya wa umeme, maua mazuri yananing'inia, ukuta tena. Gari zinapita vioo juu. Watu wa kuuliza ni walinzi tu. Wa kwanza nilipomsalimia hakujibu salamu, akauliza "umetumwa na nani?" Nikamwambia natembea tu. Akanitazama kama nimemtukana. Nikamwelezea utaratibu wangu wote akacheka akanitolea kiti cha plastiki na maji ya kandoro, kumbe mwenyewe anakaa Kigogo, kila siku anagonga daladala mbili, mwaka wa sita analinda pale na jina la mtaa anaolinda halijui, nyumba anazitambua kwa bendera, hii ya wale, ile ya wale. Nikajiona sio peke yangu.

Ila ukitoka kwenye kuta ukasogea Oysterbay pale Morogoro Stores mambo yanabadilika, kuna wachoraji wa Tingatinga wamejipanga, chui mwenye madoa na ndege wa rangi zote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora maeneo hayohayo 1968 akafa 1972, yaani miaka minne tu na jina lake limegeuka kazi ya watu mpaka leo. Baadae nikashuka Coco Beach nikala mihogo ya pilipili na chachandu nikiwa nimekaa kwenye mwamba, na pale ndo niliwaona watu sasa, wametoka kila kona ya jiji, Masaki yenyewe haipo pale iko ndani ya geti.

Kariakoo ukiuliza njia haujibiwi njia. Nilimuuliza jamaa mmoja Mtaa wa Muhonda uko wapi akaniambia "unataka nini huko? sema, hapa kipo". Nikamwambia sitaki kitu nataka mtaa. Akasema "mtaa hatuuzi ila mkanda huu elfu saba". Nikatoka na mkanda. Elfu tano. Muhonda nilikuwa nimesimama nao.

Manzese na Tandale ni kinyume. Pale ukiuliza swali moja wanajibu watu saba na hawakubaliani. Mama mmoja alikuwa anakaanga mihogo akaita "we Abduli! mpeleke mgeni barabarani" akatokea mtoto hana viatu akanishika mkono kabisa, mkono jamani, mimi baba wa watoto wawili, tukapita vichochoro ambavyo mabega yanagusa kuta zote mbili, majumbani redio inapiga singeli, huku mtu anasukwa nywele huku mtu anafua, kila mlango tunaopita Abduli anatangaza "mgeni huyu kapotea". Nilifika lami mtaa mzima unanijua.

Ila pia Tandale nilijifunza kitu, usitembee na daftari. Mimi nilikuwa naandika vitu vyangu nikaona akina mama wanaingia ndani wanafunga milango, watoto wanasema "mama hayupo" kabla sijauliza. Kumbe wamenidhania mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nimekuja kudai rejesho. Daftari nikalificha kwenye shati.

Nina Upanga, Sinza, Kigamboni, Mbagala, nitaendelea nikipata muda bando linakata.

---

chipsi_kavu

Mkuu umeniua na Abduli 😂😂 endelea, nimeweka kambi hapa

---

Ngosha_wa_Kawe

Masaki unamuonea tu mkuu. Kule mbona kuna Msasani kijijini humohumo nyuma ya hayo mageti, nyumba za kubanana, wavuvi, vibanda vya samaki. Ukivuka barabara tu unaingia dunia nyingine. Hujafika mwisho, umetembelea barabara ya lami ukarudi.

---

Wa_Mbezi_Mwisho

@Ngosha apo umenipiga kweli, narudi. Na nikirudi napitia na Kawe kwako, ile sehemu ya Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama cha zamani, siijui zaidi ya kusikia mikutano ya injili.

---

mzee wa gerezani

Kijana, uzi wako nimeupenda, ila mnatembea kwenye mji hamjui kwa nini umekaa hivyo, ngoja babu yenu niwape kidogo.

Hiyo tofauti unayoiona haikuja yenyewe. Ilipangwa. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga hapa miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, Wajerumani walipohamishia makao yao Dar 1891 wakaweka kanuni za nani ajenge nini na wapi, nyumba za mawe za kizungu huku baharini, na huko ndani nyumba za miti na makuti. Mwingereza alipoingia 1916 akaendeleza palepale. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sio majina ya utani hayo, ndivyo mji ulivyogawanywa. Na Mnazi Mmoja mnapopaona pako wazi vile hapakuachwa kwa ajili ya kupumzika, paliachwa wazi makusudi pawe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo, kisingizio afya, eti magonjwa ya Waafrika yasivuke.

Kariakoo yenyewe jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza, kambi yao ilikuwa pale. Mitaa imepewa majina ya watu na mahali, Nyamwezi, Gogo, Pemba, Likoma, Kongo. Nyumba zilikuwa za Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, nyuma uani jiko na choo, mbele baraza. Kila chumba familia, na korido ile moja mlipita wote, kwa hiyo kununiana ilikuwa kazi ngumu. Jengo la soko lile lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, mkaja kuliona linaungua Julai 2021. Siku ile mimi nilikaa barazani sikula.

Upanga utakapoandika usisahau 1971. Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Nilikuwa kijana nauza duka la Muhindi mmoja Kisutu. Familia nyingi ziliondoka baada ya hapo, Kanada, Uingereza. Ndio maana ukiangalia juu kwenye maghorofa ya zamani pale mjini utaona jina la ukoo na mwaka limechongwa kwenye saruji, na chini anakaa mtu mwingine kabisa.

---

chipsi_kavu

Shikamoo mzee. Huu ndo uzi sasa.

---

mzee wa gerezani

Marahaba.

---

Wa_Mbezi_Mwisho

Shikamoo mzee wangu, na umenisaidia mana hilo la majina juu ya maghorofa niliyaona nikadhani matangazo.

Basi Upanga na Kisutu. Nilimuuliza mzee mmoja wa Kihindi amekaa nje ya duka la vitambaa, kanzu nyeupe, nikamuuliza kwa adabu natokaje hapa kwenda kituo cha Fire. Wakuu Kiswahili alichonijibu kilikuwa laini kuliko changu, mimi wa Mpanda nikaona aibu. Akanielekeza kwa vitu ambavyo havipo, "utapita ilipokuwa sinema, kata palipokuwa na duka la baiskeli, ukifika kwa yule aliyekuwa fundi saa pinda kulia". Nikapotea vizuri kabisa. Ila nikazunguka nikaona hekalu la Wahindu, hatua chache msikiti, mbele kidogo mtu anachoma mishikaki barabarani na foleni ya watu wa kila aina wanasubiri, na ukishuka baharini unakutana na makanisa mawili ya zamani ya Mjerumani, Azania Front na St. Joseph, yote yalikamilika 1902. Ndani ya dakika ishirini za mguu. Nisingewahi kuyaona haya kwenye mwendokasi mana pale huwa nasinzia.

Sinza sasa. Sinza kila kituo ukiuliza unaelekezwa kwa baa. "Ukiikuta ile baa usiingie kushoto, nenda mpaka baa nyingine." Nilifika Kwa Remmy, na kijana wa boda nikamuuliza Remmy ndo nani, akasema mwenye kituo. Jamani! Remmy Ongala, Mkongomani aliyekuja akawa wetu kabisa, alikaa hapo, amefariki 2010, na kituo kimebaki na jina lake na vijana wanampandia gari kila siku bila kujua. Nilitaka nimkamate yule dogo nimuimbie.

Kitu kingine Sinza, angalia barabara zake zilivyonyooka. Haikujengwa kiholela ile. Ni mradi wa viwanja vya miaka ya 70 wa pesa ya Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni watu walipimiwa viwanja wakajenga wenyewe. Manzese wakati huohuo ilishajaa, hawakuibomoa, wakaichongea barabara na kuivutia maji palepale. Kwahiyo Sinza na Manzese zinapakana, zimepita kwenye mradi mmoja, na ukivuka tu barabara unaona tofauti kwa macho.

---

DadaWaTandika

Kaka naomba nikuulize kwa upole. Hivi wewe umefika uswahilini jumamosi saa kumi jioni jua limepoa, mtoto kakushika mkono, umeona upendo, ukarudi zako Mbezi. Umewahi kulala? Mimi nimezaliwa Tandika, nimekulia chumba kimoja watu sita, nakwambia huo ujirani unaousifia una bei yake. Mtaa mzima unakujua maana yake mtaa mzima unajua umerudi saa ngapi, umeshushwa na gari gani, mwanao kafeli, mumeo kakununia. Masika ikija choo cha jirani kinafurikia kwako alafu eti mnasalimiana. Ngoma ya kigodoro ikipigwa ijumaa mnakesha hata kama una mtihani.

Alafu hilo jaribio lako la kuuliza njia ni la mwanaume. Mimi nikisimama Manzese Darajani saa moja usiku nikamuuliza mtu njia sipewi mtoto wa kunishika mkono, naombwa namba. Masaki kwenye hizo kuta unazozilaumu mimi natembea naogopa pia mana hata ukipiga kelele nani atafungua geti. Mimi nikipotea siulizi mwanaume, namtafuta mama mwenye genge au binti wa uwakala wa pesa kwenye kile kibanda chake. Hao ndo ramani ya mwanamke Dar, andika hiyo.

---

kijana_wa_Obay

Dada kamaliza 🙌

---

Wa_Mbezi_Mwisho

Dada nimesoma mara tatu. Sina cha kubisha. Kweli kabisa sikuwahi kulifikiria hilo la saa moja usiku, na mke wangu nimemsomea akasema "umeona? mimi kila siku nakwambia nashukia Mbezi mwisho kwa mama Upendo wa nyanya unadhani napenda nyanya?". Miaka yote najua anapenda nyanya.

Naomba niseme tu sikusudii kusema uswahilini ni peponi. Ila nitakuja Tandika na nitamuuliza mwenye genge.

---

bondeni_mpaka_mabwe

Mimi huwa nasoma tu siandiki, leo naandika.

Mnazunguka mitaa mmesahau mtaa ambao haupo. Mimi ni mtoto wa bondeni, Suna, Magomeni, chini kule mto Msimbazi unapopita kwenda Jangwani. Wengi mnapita juu ya daraja la Jangwani mnaona majani na tope na mvua ikinyesha mnasikia barabara imefungwa basi. Pale kulikuwa na watu. Kulikuwa na mashina ya wajumbe, timu ya mtaa, madrasa, kijiwe cha kahawa ambacho baba alikuwa anacheza bao.

Desemba 2011 maji yalikuja usiku. Wazee walisema mvua ile hawajaiona toka 1954. Mimi nilikuwa form two. Tulikaa juu ya bati la nyumba ya jirani mpaka asubuhi, nimeshika begi la shule, sijui kwanini begi la shule. Baada ya hapo ndo tukapelekwa Mabwepande, huko nyuma ya Bunju, mahema kwanza, alafu viwanja. Watu wa mjini kabisa, baba alikuwa anatembea kwa mguu kwenda Kariakoo kubeba mizigo, leo yuko Mabwepande porini nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya alichopata. Wengine waliuza viwanja wakarudi bondeni. Tuliwacheka, ila nilikuwa nawaelewa.

Sasa hivi Mabwe ni mtaa kamili, maduka yapo, boda, shule. Lakini kuuliza njia kwetu mpaka leo wazee wanaelekeza kwa mitaa ya zamani, "unaenda kwa wale wa Suna", "geuka kwa watu wa Hananasif". Majina tuliyabeba.

---

DadaWaTandika

😔 Pole sana mdogo wangu. Umeandika vizuri.

---

mzee wa gerezani

Suna nilikuwa na rafiki fundi cherehani. Mungu awalinde huko mliko.

---

Wa_Mbezi_Mwisho

Mkuu ahsante kwa kuandika. Mimi kila siku napita Jangwani kwenye mwendokasi, asubuhi nasinzia jioni nasinzia. Jumatatu niliamka pale nikaangalia chini. Sina la kuongeza.

Jumamosi iliyofuata nikaja huko. Mbezi mpaka Makumbusho, Makumbusho mpaka Bunju, boda mpaka Mabwe, masaa mawili na robo njiani. Nilikaa kidogo kwenye kijiwe cha kahawa, wazee wanacheza bao, sikuuliza sana.

---

Ngosha_wa_Kawe

Turudi kwenye vituo wakuu kabla hamjaniliza. Mleta uzi uligusia Kwa Remmy. Mimi nakwambia historia ya hili jiji iko mdomoni kwa konda. Biafra pale Kinondoni ni ile vita ya Nigeria, Tanzania tuliitambua Biafra 1968. Ubungo Maziwa kulikuwa na kiwanda cha maziwa. Tabata Dampo ni dampo kweli, taka za jiji zilikuwa zinamwagwa pale, wakazi wakaenda mahakamani 1988 wakashinda, likahamishiwa Vingunguti, siku hizi liko Pugu Kinyamwezi. Yaani taka zimeondoka miaka hiyo yote na konda bado anaita "Dampo hapo wapo?" na kuna mtu kavaa suti anajibu "wapo".

---

chipsi_kavu

Na miti! Mkwajuni, Mwembechai, Mwembe Yanga, Mikoroshini, Minazi Mirefu, Mnazi Mmoja, Mikocheni iliyojaa mikoche. Nenda leo utafute huo mwembe. Jiji zima tunaishi kwenye miti iliyokatwa.

---

kijana_wa_Obay

Hakuna kitu kinauma kama Mbezi mbili. Mgeni wangu alishuka basi la mkoa stendi ya Magufuli akaniambia nimefika Mbezi, nikamwambia poa nakuja, nikaenda kumsubiri Tangi Bovu lisaa lizima. Yeye Mbezi Luis mimi Mbezi Beach, kati yetu jiji zima.

---

Wa_Mbezi_Mwisho

Hahaha ndo nilisema nitalirudia umenisaidia. Mimi nikisema naishi Mbezi mtu ananiangalia kwa heshima, nikiongeza "ya Kimara" heshima inashuka palepale.

Haya nimalizie nilizoahidi.

Kigamboni niliamua kwenda kwa pantoni sio daraja. Daraja limefunguliwa 2016, kabla ya hapo ni pantoni au uzunguke Kongowe huko. Nauli ya mtu wa mguu ilikuwa 200. Asubuhi Feri samaki wanamwagwa chini mnada unapigwa, mtu anataja bei huku ananawa miguu, ukikohoa umenunua jodari. Ndani ya pantoni ndo sehemu pekee Dar nimeona mwenye V8 na mwenye mkokoteni wa ndizi wanasubiri pamoja na hakuna wa kumpita mwenzake. Ng'ambo ukiuliza njia wanakujibu kwa muda sio umbali, "hapo? dakika tano". Nilitembea dakika arobaini. Nikamuuliza mwingine, "hapo tu, dakika tano".

Mbagala Rangi Tatu sijui niseme nini, ile sio mtaa ni mkoa. Nilishuka watu wananisukuma nikasukumika mpaka sokoni bila kutaka. Ila nilishangaa ukiingia ndani kidogo kuelekea Mzinga unakuta minazi, wazee wa Kizaramo kwenye mikeka, kuku, kimya. Nikamuuliza babu mmoja natokaje. Akasema "kaa kwanza". Nikakaa. Akaniuliza kwetu, ukoo, nimeoa, watoto wangapi, mama yangu mzima. Lisaa. Alafu akaninyoshea kidole "njia hiyo hapo". Ilikuwa nyuma yangu.

Tandika nilienda jumamosi iliyopita kama nilivyomuahidi dada. Nilishuka sokoni nikamtafuta mwenye genge, mama mtu mzima, nikamwambia mama shikamoo, naomba njia ya kwenda Mwembe Yanga. Akaniangalia juu mpaka chini akasema "marahaba, wewe ni yule wa kausha damu?"

Daftari lilikuwa linatokeza kwenye shati.

---

DadaWaTandika

😂😂😂😂 Nimemwambia mama yangu mdogo jana akasema kweli kuna mtu alipita kavaa mkanda mpya

---

chipsi_kavu

Mkanda wa Muhonda huo 😂

---

Ngosha_wa_Kawe

Bado ruti gani mkuu?

---

Wa_Mbezi_Mwisho

Chanika, Gongo la Mboto, Kiwalani, Tegeta, Msasani uliyonidai. Sensa ya 2022 Dar tuko 5,383,728, mimi kwa hesabu yangu nimeongea na kama mia mbili hivi. Jumamosi hii nataka nianzie Bamaga nitembee Sinza yote kwa mguu mana mara ya kwanza niliishia kwenye mabaa.

---

kijana_wa_Obay

Bamaga sio Sinza mkuu. Bamaga ni Kijitonyama.

---

chipsi_kavu

Bamaga Kijitonyama tangu lini? Mimi nimepanga Bamaga miaka mitatu barua ya mtendaji imeandikwa Sinza.

---

kijana_wa_Obay

Ulipanga upande gani wa barabara?

---

chipsi_kavu

Upande wa baa.

---

Ngosha_wa_Kawe

Baa zipo pande zote mbili

---

mzee wa gerezani

Wajukuu, Bamaga ni Mwenge.

---

chipsi_kavu

Mzee shikamoo lakini hapana